Chungu Kisichonuka

Chungu kidogo cha majaribio kilipofunguliwa hakikunuka kitu, na hapo ndipo Basilisa Lohay alipoketi chini kwenye sakafu ya karakana kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Alikuwa ameitarajia ile harufu. Kila mtu wa Magadini aliijua: harufu ya karanga zinazokaangwa, yenye kahawa kwa mbali, iliyotoka kila mara chungu kikubwa kilipofunguliwa na kuzunguka mji mzima hadi kwenye mashamba ya vitunguu. Watoto walizaliwa nayo. Wagonjwa waliokosa hamu ya kula walisogezwa dirishani wainuse. Sasa alikuwa amepika mwani uleule, kwa moto uleule, kwa muda uleule, ila kwa mara ya kwanza hakutia maganda ya muhogo. Mafuta yaliyoelea kikombeni yalinuka mafuta tu, tena kwa kuyasogelea sana.

Akainama juu ya maji ya kahawia yaliyobaki chini ya mafuta, avute pumzi. Alijuta mara moja. Yalimpiga puani, yakampanda kichwani, na machozi yakamtoka mpaka shingoni. Alipofunga macho na kuyafikicha alikuwa ameshaelewa. Kile walichokuwa wakikitafuta mabwawani, kile alichokuwa akikilaumu kwa kupotea, kilikuwa hapa ndani ya kikombe, kikali na kizima, kikisubiri mtu wa kukirudisha nyumbani.

Watu waliliita chungu, lakini hasa lilikuwa bomba nene la chuma, refu kupita nyumba, nusu yake imefukiwa ardhini ili lisiue mtu siku likipasuka. Ndani yake uji wa mwani ulibanwa kwa nguvu hata ulipopita nyuzi mia tatu haukupata nafasi ya kuchemka. Ulivunjikavunjika tu. Juu yakaja mafuta, chini yakabaki maji ya kahawia, na masizi kidogo, na hewa. Mafuta yaliendesha mtambo wa kuchuja chumvi, kwa kuwa ziwa lilikuwa magadi matupu na mvua ilikuwa imehamia kwa watu wengine. Maji ya kahawia yalirudishwa mabwawani kulisha mwani mpya, na yaliyobaki yakanywesha vitunguu. Mwani ukazaa mafuta, mafuta yakazaa maji ya kunywa, watu wakaishi.

Ila kwa misimu kadhaa sasa mabwawa yalikuwa yakipauka. Kutoka kijani kizito cha sukuma wiki yalikuwa yamefika kwenye rangi ya supu ya dengu. Basilisa alikuwa fundi mkuu wa chungu, na mabwawa yakipauka ni yeye anayeangaliwa. Alitafuta mabomba yanayovuja, akayakosa. Akalaumu pampu, akalaumu jua, akawasingizia hata heroe wanaokuja kula mwani alfajiri, ndege wa watu ambao nao walikuwa wamepauka mpaka wanatia huruma. Hakuwahi kuyafikiria maganda, kwa sababu hakuna mtu Magadini angeweza kuyafikiria maganda vibaya.

*

Mwenyekiti Mkumbo alisikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma, kama anavyosikiliza habari zote mbaya. Alikuwa mkulima wa vitunguu kabla ya kuwa mwenyekiti, na Basilisa akaamua kumweleza kwa lugha ya shamba.

Kinachokifanya kitunguu kitoe majani ya kijani, alimwambia, ni naitrojeni. Zamani ililetwa kwa magari, ndani ya mifuko. Leo hayo magari hayaji, kwa hiyo iliyomo Magadini ndiyo hiyohiyo, inazunguka. Ndani ya mwani inakaa kwenye protini. Chungu kikiivunja protini, naitrojeni inabaki haina makao, inatafuta pa kwenda. Ikiachwa peke yake inaingia kwenye maji, inakuwa amonia, na maji yanairudisha bwawani. Lakini ikikutana na sukari kwenye moto ule, inashikana nayo. Zinajikunja pamoja zikawa vijipete vidogo, vigumu kuvunjika, na vijipete hivyo havitaki maji. Vinapenda mafuta.

"Na maganda ya muhogo ni sukari," alisema Mkumbo.

"Wanga, na wanga ukipikwa ni sukari. Hivyo vijipete ndivyo vinavyonuka karanga, mwenyekiti. Ile harufu ndiyo naitrojeni yenyewe inapanda kwenye mafuta. Halafu tunayachoma mafuta, inatoka kwenye bomba la moshi, inakwenda zake."

Mkumbo alitembea mpaka dirishani. Aliuliza mbona maganda yaliongeza mafuta, na Basilisa akakiri kwamba yaliongeza kweli, tena mengi, na ndiyo maana hakuna aliyeuliza swali. Aliuliza mabwawa yamebakiwa na muda gani. Basilisa akamwambia yanaweza kuvuka msimu huu, lakini hatayawekea dhamana kwa msimu unaofuata. Mabwawa yakifa, mtambo wa kuchuja unazima, na Magadini yote inarudi kwenye kisima kimoja.

Hakuhitaji kuendelea. Kisima kile wote wawili walikijua.

Dawa ilikuwepo, na haikuwa ngumu. Mwani upikwe mara mbili. Kwanza peke yake, kwa moto wa chini, mpaka protini iachie naitrojeni yake majini. Maji hayo yatolewe, yapelekwe bwawani. Kisha yaliyobaki yarudishwe chunguni pamoja na maganda, na moto upandishwe mpaka mwisho. Mafuta yatapungua kidogo kwa muda. Maganda yataendelea kuingia chunguni kama kawaida. Kitakachokosekana ni harufu tu.

"Harufu tu," Mkumbo alirudia, na Basilisa akajua kwamba wamefika kwenye jambo lenyewe.

Zamani wafugaji, wakulima wa vitunguu na wavuna magadi waligombea kisima kile mpaka wakafika mahali pa kurushiana mawe. Jiwe moja lilimpata Amsi, mume wa Basilisa, mtoto pekee wa mfugaji Mzee Boay Sulle. Hakuna aliyejua limetoka mkono wa nani, ila wafugaji walijua vizuri sana limetoka upande gani, na walikuwa wanasubiri neno la baba wa marehemu. Chungu kilikuwa kimeshajengwa na hakuna upande uliokubali kukichangia. Matanga yalipoanuliwa, Mzee Boay aliokota maganda ya muhogo ulioletwa msibani na wakulima wa vitunguu wenyewe, akayabeba kwenye shuka yake mpaka chunguni, akayamwaga mbele ya watu wote. Alisema moto ule umekula chakula cha msiba wake, na aliyekula msiba wake si adui yake. Wakulima wakaenda kuleta maganda yao. Kisha wavuna magadi. Jioni ile chungu kilipofunguliwa mji wote ulinuka karanga.

Tangu siku hiyo kila nyumba huleta maganda. Na Mzee Boay, ambaye macho yake yalishaliwa na vumbi la magadi, ndiye anayenusa upawa wa kwanza na kutamka, "Yameiva." Bila neno hilo hakuna upande unaochukua mgao wake, maana kila upande unawashuku wenzake kuyachakachua mafuta, lakini hakuna anayeishuku pua ya mtu aliyemsamehe kila mtu.

"Fundi, mimi kemia siijui, lakini watu nawajua," alisema Mkumbo. "Mzee akinusa asisikie kitu, akanyamaza, hapo hapo watatafutana. Na ukimwambia ukweli, utakuwa umemwambia nini? Kwamba amani yake ndiyo iliyotumaliza."

Akafungua kabati, akatoa kichupa cha mafuta ya zamani, yale ya miaka ya mwanzo, meusi na mazito. Hata kwenye kizibo yalinuka karanga. Alimwomba apake matone machache kwenye ukingo wa upawa, basi. Mzee atanusa, atafurahi, atasema neno lake, mabwawa yatapona, hakuna atakayeumia. Alisema hivyo kwa upole, na Basilisa alimwonea huruma, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameshalifikiria jambo hilohilo njiani akija. Akakipokea kichupa.

*

Mzee Boay alikuwa kwenye kigoda mlangoni, anamenya muhogo kwa kupapasa. Alimenya vibaya, anakata maganda manene yenye nyama, na kila mtu alijua anafanya makusudi ili chungu kipate zaidi.

"Umetoka kwa Mkumbo," alisema kabla Basilisa hajavua viatu. "Unanuka vitunguu na woga. Vitunguu ni vyake. Woga ni wa nani?"

Basilisa alicheka, akasema amechoka tu. Alikuwa ameingia na nia moja, kunyamaza. Alikaa karibu naye, akachukua kisu kingine, wakamenya pamoja. Tangu Amsi afe walikuwa wamebaki wawili kwenye nyumba ile. Ndugu za Basilisa walimwambia arudi kwao, yeye hakurudi, na mzee hakuwahi kumwomba abaki wala aondoke. Walizoeana hivyohivyo, kama watu wanaobeba mzigo mmoja huyu mbele na huyu nyuma.

Mzee alizungumza habari za kesho. Alisema atapeleka kikapu kikubwa kuliko siku zote, na amewatumia salamu wafugaji wote waongeze. Maana kuna kitu kilikuwa kinamsumbua, ingawa hakupenda kukisema mbele ya watu. Harufu ilikuwa inafifia. Msimu baada ya msimu ilikuja nyembamba zaidi. Kwanza alidhani pua inazeeka, akaogopa, kwa sababu mtu akishapoteza macho hana pua ya kupoteza. Halafu akaona dawa ni kuongeza maganda. Kila ilipofifia, aliwaambia watu waongeze.

Kisu cha Basilisa kilisimama. Alikuwa amejiandaa kuficha jambo moja, na sasa yalikuwa mawili. Kichupa kilikuwa mfukoni, kinamgusa pajani. Aliuona mji mzima kesho unakuja na vikapu vikubwa, na keshokutwa vikubwa zaidi, na yeye akipaka upawa mafuta kila chungu kinapofunguliwa, kila mara, mpaka mzee huyu afe akiwa anashukuru kwa kitu ambacho hakipo.

Akamwambia. Alimweleza yote, naitrojeni na vijipete na moshi, kama alivyomweleza Mkumbo, ila kwa sauti ya chini. Mzee hakumkatiza. Aliendelea kumenya mpaka katikati ya maneno, kisha akaweka kisu juu ya goti.

"Kwa hiyo ilipofifia ni kwa sababu mwani wenyewe ulikuwa umeshafilisika," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Nami nikawaambia waongeze."

Basilisa alitamani kusema hapana. "Ndiyo, Baba."

Mbuzi wa jirani waliingia uani, wakala maganda, na hakuna aliyewafukuza. Mwishowe mzee alisema kwamba siku ile ya kwanza, harufu ilipotoka, alijisemea moyoni kuwa mwanawe hakufa bure. Ndiyo ilikuwa faraja yake. Kila ilipotoka alikuwa anampata Amsi kidogo. Basilisa alilia, naye hakujificha, maana mzee asingemwona, ingawa bila shaka alimsikia. Alimwambia kwamba maganda yalifanya kazi yake kwa watu, na hiyo kazi hakuna kemia inayoweza kuifuta.

"Mkumbo alikwambia unifanye nini?" mzee aliuliza baadaye.

Basilisa alikitoa kichupa, akakiweka kwenye kiganja chake. Mzee alikipapasa, akakinusa kwenye kizibo, uso wake ukalegea, akakirudisha haraka kana kwamba kina moto.

"Kaa nacho mfukoni," alisema. "Ukikitumia nitajua. Usipokitumia, sijui nitasema nini. Usiniulize, kwa sababu hata mimi sijui."

*

Asubuhi watu walifika na vikapu, na manung'uniko yakaanza mapema. Walizoea kumwaga maganda mwani unapoingia. Sasa wameambiwa wasubiri, kwanza mwani upikwe peke yake. Wafugaji walikaa chini ya turubai lao, wakulima chini ya lao, na wavuna magadi juani, kwa sababu wao ndio waliozoea. Basilisa aliyatoa maji ya kwanza, akayahifadhi kwenye tangi, kisha akaruhusu maganda. Kila nyumba ilimwaga yake. Mzee Boay alimwaga ya mwisho, naye alikuwa amekuja na kikapu kidogo.

Shinikizo lilipanda, sindano ikatulia mahali pake, na bomba likaanza ule mngurumo wake wa chini unaosikika kwenye nyayo. Watu walipiga soga. Moto ulipozimwa na chungu kupoa, wote walinyanyuka na kuinua pua kama walivyozoea. Upepo ulipita, haukuwa na kitu.

Basilisa alichota upawa wa kwanza. Mkumbo alikuwa anautazama mfuko wa fundi bila kupepesa. Basilisa alijua kabisa kwamba anaweza kugeuza mgongo mara moja tu, na mambo yote yaende vizuri. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku yoyote tangu siku ya kisima. Akaupeleka upawa mkavu ukingoni, vilevile ulivyokuwa, akauweka mikononi mwa baba mkwe wake.

Mzee Boay alinusa. Akanusa tena. Watu walianza kutazamana, na mfugaji mmoja akasimama, na upande wa pili wawili wakasimama kumjibu.

"Sisikii kitu," alisema Mzee Boay kwa sauti ya kusikika. "Mafuta haya hayanuki. Fundi, yako wapi yale maji uliyotoa kwanza?"

Walimletea ndooni. Alipiga magoti, akainamisha uso wote, akavuta pumzi moja ndefu, kisha akanyanyuka ghafla akikohoa, machozi yakimshuka kwenye mashavu. Wafugaji wawili walimkimbilia. Aliwaondoa kwa mkono. Alikuwa anatikisika, na Basilisa alichelewa kutambua kwamba anacheka.

"Hili ni zizi," alisema. "Jamani, hili ni zizi la mama yangu. Ng'ombe walilala upande mmoja, sisi upande wa pili, na asubuhi akifungua mlango harufu hii ndiyo iliyotangulia kutoka nje. Penye harufu hii hapakuwa na njaa." Alifuta uso kwa shuka. "Ile ya karanga ilikuwa tamu. Niliipenda, na ninyi mliipenda kwa ajili yangu. Lakini ilikuwa chakula cha mabwawa kinachotuaga, na mimi nikawa nawaambia kimeiva. Mkumbo, njoo unuse."

Mkumbo alisogea kwa shingo upande. Aliinama, akatoka na macho mekundu, makamasi yakimtoka, mwenyekiti mzima. Kijana mmoja wa magadi alimuuliza analia nini.

"Hakuna ninachokilia," alisema Mkumbo akijifuta kwa mkono wa shati. "Ni kama kukata vitunguu."

Watu walicheka. Kisha akaja mwingine kunusa, na mwingine, wakapanga foleni bila kupangwa, wafugaji na wakulima na wavuna magadi, kila mmoja akainama kwenye ndoo na kuondoka analia na kuchekwa na aliyemfuata. Basilisa alieleza habari ya kupika mara mbili mara nyingi mpaka sauti ikamkauka. Wengine walielewa. Wengine walisema hawaelewi, lakini wamenusa wenyewe. Mzee mmoja wa wakulima alikasirika, akasema harufu ya karanga ilikuwa ya mji na si ya Boay peke yake kuiondoa, na hakuna aliyembishia, kwa kuwa alikuwa anasema kweli. Alichukua kikapu chake akaenda zake. Mgao wake ulitengwa ukamsubiri.

Foleni ilipokwisha, Mzee Boay alinyoosha mkono juu ya ndoo na upawa vyote pamoja.

"Yameiva," alisema.

Wakati watu wanapokea mafuta yao, alimwita Basilisa, akamuuliza kile kichupa kiko wapi. Basilisa alimwambia kiko palepale, hakijafunguliwa. Mzee akakiomba. Alitoa kizibo, akakisogeza puani, akakaa nacho hivyo kwa muda, macho yake yasiyoona yakielekea upande wa kisima. Mdomo wake ulitamka jina bila sauti. Kisha akakiziba, akakikaza kwa nguvu, akakitia mfukoni mwake mwenyewe.

"Hiki nitakaa nacho mimi," alisema. "Sasa nishike mkono, binti yangu, tuyapeleke maji bwawani."